Zombie ipi?

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili usiku

Baba Neema, swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Sisi wazima. Shemeji yako kashikwa na mafua ya upepo huu wa Agosti, ila kufoka anafoka kama kawaida, kwa hiyo sina wasiwasi. Wewe huko Mwanza na sato wako, Mungu anakuona.

Kilichonishikisha kalamu ni aibu iliyonikuta jana kwenye sendofu moja pale Area C. Niliitwa na mziki wangu wote, spika nne, mikisa na jenereta la akiba. (Kamati wamenilipa nusu. Nusu nyingine "Jumatatu", na Jumatatu yenyewe hawakusema ya mwezi gani.) Yapata saa nne usiku MC akatangaza zamu ya wazee. Wazee bwana, juisi ya zabibu ilishawashuka, mvinyo ulishawapanda. Akaja kijana na kikaratasi kimeandikwa neno moja: ZOMBIE. Chini yake, "Mzee anaomba sana."

Nikacheka peke yangu. Zombie! Nani hapa mjini anaujua kuliko mimi? Nikaupandisha ule wa The Cranberries, bendi ya Ireland, nikasukuma kitufe cha sauti taratibu maana vumbi limeshaingia mle ndani na ukikisukuma haraka kinakwaruza. Gitaa likaanza lile la polepole, kisha ngoma zikaanguka kama mtu kamwaga kokoto kwenye bati.

Sasa mtazame mzee. Yuko katikati ya ukumbi, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshainuliwa, kiuno kimeshajipanga. Akabaki hivyo hivyo. Yule binti mwimbaji wao alipoanza kuimba mzee akashusha mkono, akaja mpaka mezani kwangu, akaniinamia sikioni: "Kijana, nimekuomba ngoma, umeniletea msiba."

Kumbe alikuwa anataka Zombie ya Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria! Ya 1976, dakika 12 na ushee, saksafoni inakutembeza kwanza ndipo mtu afungue mdomo. Nikaitafuta upesi upesi, nikaweka. Mzee akacheza yote, Baba Neema. Anapiga saluti, anageuka kulia, anageuka kushoto, anasimama wima kama mlingoti, ukumbi mzima unakufa kwa kicheko. Na ujue yeye mwenyewe ni mstaafu wa jeshi! Ule wimbo unamsema askari asiyefikiri mpaka aamriwe afikiri, na mwanajeshi ndiye anayeucheza kwa raha kuliko raia wote mle ndani.

Baadaye nikiwa nakunja waya akaja kukaa kwenye kasha la spika. Ndiye aliyenisimulia yaliyompata Fela baada ya wimbo ule. Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao 1,000 walivamia nyumba yake kule Lagos, ile aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta. Waliwapiga watu, wakaitia moto nyumba, wakamtupa mama yake dirishani. Mama mwenyewe si mtu mdogo, ni Funmilayo Ransome-Kuti, aliyewaongoza wanawake kupinga kodi enzi za mkoloni. Akafariki mwaka uliofuata. Fela akaja kubeba jeneza mpaka kwenye lango la kambi ya jeshi alikokaa mkuu wa nchi. Mzee alisimulia kwa sauti ya chini, fimbo inachora vumbi.

Halafu akaniuliza: "Na yule binti wako, yeye alikuwa anamlilia nani?"

Nikakosa jibu. Ndugu yangu, wimbo ule nimeupiga kwenye kumbi za mji huu tangu nilipoanza kazi. Kabla ya hapo tuliuimba bwenini, unakumbuka, tukiwa na ndoo za maji mikononi, "Inaiyeee, inaiyeee", hatujui hata neno moja linaanzia wapi. Tulimwimbia kiranja wa bweni, yule aliyekuwa akitumwa hata kuhesabu kandambili anahesabu. Nikamjibu mzee, "Analia mapenzi, nadhani." Akanitazama tu. Akasema, "Hapana. Mapenzi hayalii hivyo. Huyo analia kama mama zetu wa Mvumi wakiwa msibani, sauti inakatika halafu inaokotwa juu." Na kweli ukiusikiliza, sauti ya binti huyo, Dolores O'Riordan, inavunjika pale pale ambapo mwimbaji wa Kigogo angeivunja.

Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma. Ni hivi. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, katika mji wa Warrington, Uingereza, IRA, wapiganaji wa Kiairishi waliotaka kuwaondoa Waingereza Ireland ya Kaskazini, walikuwa wameficha mabomu mawili kwenye mapipa ya takataka, mtaa wa madukani. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama. La kwanza likalipuka, watu wakakimbia, la pili likawakuta mbele. Walijeruhiwa zaidi ya 50. Mtoto wa miaka 3 akafa pale pale. Alikuwa amepelekwa kununua kadi ya mama yake. Mwingine wa miaka 12 akafa siku chache baadaye hospitalini. Dolores alikuwa huko huko Uingereza anazunguka na bendi yake, The Cranberries, binti wa miaka 21 kutoka Limerick. Akarudi nyumbani akauandika wimbo peke yake. Ulitoka Septemba 1994.

Sasa sikiliza kinachonisumbua. Fela aliwaimba askari wa serikali, watu wenye bunduki waliosimama upande wa pili. Huyu binti aliwaimba watu waliosema wanapigana kwa ajili yake. Yeye ni Mwairishi, Mkatoliki, na IRA walidai wanawapigania Wairishi. Ndani ya wimbo anasema si yeye, si ukoo wake. Anautaja na mwaka 1916, ule wa maasi ya Pasaka ya Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza, kwamba kichwani mwenu bado mnapigana vita vile vile. Zombi wa Fela anasubiri amri ya ofisa. Wa Dolores anaamriwa na wafu.

Sisi je, na kiranja wetu? Tulikuwa tunaimba wimbo wa binti kwa maana ya Fela, wala hatukuwa tumemsikia Fela! Nilipoliona hilo nilicheka mpaka shemeji yako akaamka kunitukana.

Wapo waliomlaumu Dolores. Mwaka 2023 Ireland walipowafunga Afrika Kusini 13 kwa 8 kwenye Kombe la Dunia la raga kule Paris, mashabiki wao waliuimba uwanja mzima, na ugomvi ukaibuka nyumbani. Baadhi ya watu wa Ireland ya Kaskazini walisema wimbo ule unaona risasi za upande mmoja tu. Limerick ni kusini, mbali na moto. Binti angejua nini kuhusu Derry, mji wa huko kaskazini, ambako tarehe 30 Januari 1972 askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji wasio na silaha, wakafa 13 siku ile ile? Hoja nzito, siibezi. Lakini mimi namtetea. Mtu akisikia mtoto wa miaka 3 kauawa kwa jina lake, ana haki ya kupiga kelele kwanza, hesabu za nani alianza zifuate. Na hesabu zile zilikuwa zimepigwa miaka mingi bila kufika mwisho. Mkataba wa amani walikuja kuusaini tarehe 10 Aprili 1998. Dolores alifariki Januari 2018, ana miaka 46 tu.

Najua utabisha, wewe tangu zamani ulikuwa mtu wa Fela bila kujijua. Andika unibishie.

Mzee nimempigia simu leo mchana baada ya ibada, nikamsomea yote haya. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema wiki ijayo nipite kwake na spika moja ndogo, aisikilize ya binti akiwa amekaa.

Una ile kaseti yetu bado? Ile yenye kifuniko kilichopasuka, uliyoandika jina lako kwa kalamu ya kiranja. Kama ipo mpe kondakta wa basi la Dodoma, nitaipokea stendi. Deki ya kaseti ninayo, inameza utepe kidogo lakini nitaikalisha.

Msalimie sana Mama Neema na watoto.

Wako,
Baba Upendo