Ultrasaundi iwafikie wajawazito wa visiwani

Mhariri,

Mimi ni mkunga katika kisiwa cha Ukerewe. Niliwahi kumzalisha mama mtoto wa uzito mzuri, lakini tumbo la mtoto lilikuwa limebonyea na midomo yake ikageuka rangi. Nilipomsikiliza, moyo ulidunda upande wa kulia. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kilikuwa na tundu, utumbo ukapanda kifuani na mapafu yakakosa nafasi ya kukua. Alifariki usiku uleule. Majirani walimwambia mama yake amerogwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kumbe wapo watoto wenye tatizo hilo wanaotibiwa wangali tumboni. Timu ya Profesa Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, huingiza puto dogo kwenye njia ya hewa ya mtoto, kati ya wiki ya 27 na 29. Majimaji ya mapafu yakizuiwa kutoka, mapafu hutanuka. Puto hutolewa wiki ya 34. Utafiti wao wa 2021, kwa watoto wenye hali mbaya sana, ulionyesha asilimia 40 ya waliowekewa puto walinusurika na kuruhusiwa kutoka hospitalini, dhidi ya asilimia 15 ya wasiowekewa. Wengi huzaliwa njiti, ni kweli.

Sidai upasuaji huo uletwe hapa kwetu Nansio kesho. Nadai ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2016, pamoja na mtaalamu wa kuisoma. Tatizo likijulikana mapema, mama atapanda meli akajifungulie Mwanza, na mtoto awekewe mpira wa kupumulia mara moja.

Mkunga,
Ukerewe