Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia uvuvi: karai langu halitoi zebaki

Mheshimiwa,

Mimi ni mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, hapa Likoni. Juzi alipita afisa mmoja kwenye majiko yetu, akatwambia huenda samaki wana madini mazito, basi tuwapike sana. Akapanda bodaboda, akaenda zake.

Kupika sana ndiyo kazi yangu. Kipande cha nguru kikiingia karaini ni kinene kama mche wa sabuni. Kikitoka kimenywea, maji yote yamekwenda na mvuke. Zebaki, mojawapo ya hayo madini mazito, haikwenda popote. Imeshikana na nyama yenyewe, na kwa kuwa kipande kimepungua uzito, kila tonge lina zebaki zaidi kuliko kilipokuwa kibichi. Ndimu nayo ni ya shombo tu. (Haya binti yangu aliyasoma chuoni. Nilimbishia sana.)

Kadimiamu, madini mengine mazito, afadhali kidogo: hujilimbikiza kwenye ini na figo, kwa hiyo kutoa matumbo yote kunasaidia. Kuchemsha na kumwaga maji pia huweza kupunguza baadhi ya madini. Lakini Mheshimiwa, Mombasa hii nani humwaga mchuzi?

Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, waliingiwa mwilini na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Haikuwaambia wakachemshe maji.

Ninachoomba ni samaki wapimwe wanapoteremshwa. Papa, nduaro na nguru wakubwa, ambao hula samaki wenzao na kukusanya zebaki miaka nenda rudi, wapimwe mbali na tafi anayekula majani. Wa mkono wa bahari wa Makupa, ulioishi na jaa la Kibarani, wasichanganywe na wa bahari kuu. Wataalamu wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapa hapa Mkomani, na kipimo kipo: Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka kikomo cha risasi kuwa miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki. Majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili, karibu na bei.

Nina mteja mjamzito. Kila Ijumaa huja kutaka papa, na zebaki huweza kuharibu ubongo wa mtoto angali tumboni. Sina karatasi ya kumwonyesha, wala sitaki kumtia hofu bure. Wiki tatu sasa nampa tafi, namwambia papa wameadimika.

Ni mimi,
Mama karanga, Likoni