Mwanangu, kuhusu kura yako uliyosema italala

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Mtu wako wa udiwani kaangushwa kwenye kura za maoni za chama, na wewe unasema siku ya uchaguzi utalala mpaka jua likukute kitandani. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2010, wewe ukiwa darasa la pili.

Mwaka ule CCM iliwaruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni, badala ya wajumbe wachache mkutanoni. Tulifurahi kweli. Kumbe wakipiga wote, wanagombana wote. Wapambe waliingia hadi kwenye vikoba. Mimi na shangazi yako tukaacha hata kuombana chumvi. Mtu wangu wa udiwani akashindwa, tukaitwa tuvunje makundi. Tulipiga makofi, tukala pilau, tukarudi nyumbani na makundi yetu. Tarehe 31 Oktoba, Jumapili, nilitoka kanisani nikapita mbele ya kituo cha kura, nikaenda kufua. Nilimnunia diwani mmoja, na karatasi ya mbunge na ya rais nazo nikaziacha huko huko.

Hesabu nilikuja kuzitazama baadaye. Kikwete alipata kura zaidi ya milioni 9 mwaka 2005. Mwaka 2010 akapata milioni 5 na ushei. Wapinzani wote kwa pamoja hawakuongeza hata milioni moja. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 43 ya walioandikishwa, wakati 2005 walifika 72. Sisemi wote walinuna kama mimi. Daftari lenyewe lilikuwa na marehemu na waliohama. Ila najua mtaani kwetu nani alikuwa anafua siku ile.

Kwetu hakuna mgombea binafsi. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la Bunge. Basi aliyeangushwa ahame chama au anune, na watu wake vivyo hivyo. Shibuda, aliyekuwa mbunge wa CCM, alihama, akachukua ubunge wa Maswa Magharibi kwa tiketi ya Chadema. Mwaka 2015 jina la Lowassa, aliyetaka urais kwa CCM, lilikatwa Dodoma, akahamia Chadema na watu wake, na waliopiga kura wakafika asilimia 67. Hasira ikiwa na pa kwenda hupanga foleni. Hata hivyo Dk. Slaa, aliyegombea urais kwa Chadema 2010, aliona nafasi imekwenda kwa mgeni, akajitoa. Na baba yako mdogo, Chadema wa damu, siku ile alishinda shambani akipalilia mihogo isiyo na magugu.

Kwa hiyo usinieleze habari za kulala kana kwamba umezigundua wewe. Karatasi zitakuwa tatu. Huyo wa udiwani mruke ukitaka.

Karanga nimempa dereva wa basi la asubuhi, mfuate stendi. Shangazi yako anakusalimu. Chumvi tumeanza kuombana tena mwaka jana, baada ya msiba wa bibi yako.

Mama