Kabla hujanunua hilo gurudumu, nisikilize kwanza

Shoga yangu wa moyo,

Hujambo? Wazima hapo? Sie huku wazima, watoto wazima, mama naye anakusalimia sana na anasema umemtupa kabisa. Nilipanga nikuandikie mwisho wa wiki nikiwa nimetulia ila ujumbe wako wa jana usiku umeninyima usingizi, nimeshindwa kungoja. Yani umeandika mambo matatu kwa mkupuo mmoja, ati daktari kasema presha imepanda na mwili upungue, ati unataka kununua gurudumu la umeme kama langu, hili moja la kusimama juu yake, na ati ukishalipata basi unaachana na ile kutembea ya asubuhi na Mama Pili maana "gurudumu nalo si ni mazoezi". Mawili ya kwanza tutayaongea. Hilo la tatu ndo limeniinua kitandani.

Nakujibu moja kwa moja maana najua hupendi kuzungushwa. Gurudumu lina mazoezi yake, yapo, siwezi kukudanganya kuwa hayapo, lakini ni madogo na lenyewe peke yake halikupunguzi mwili. Na likija kuchukua nafasi ya kutembea basi shoga unaweza kuongezeka badala ya kupungua, na hiyo ndo hofu yangu yote.

Hebu angalia linavyofanya kazi. Mle ndani kuna betri, kuna mota imekaa kwenye gurudumu lenyewe, na kuna sensa zinazohisi umeinamia wapi. Ukiegemea mbele mota inazungusha gurudumu likukimbilie likae chini yako, ukiegemea nyuma linapunguza mwendo. Tangu yule mvumbuzi Shane Chen alete sokoni Solowheel, gurudumu la umeme la mwanzo mwanzo, mwaka 2011 mpaka haya makubwa ya sasa yenye shokabzoba kazi ni ileile, umeme ndo unakubeba, wewe unasimama na kuhakikisha huangukii pembeni. Hivyo vya kukanyagia tunaviita pedali lakini havizunguki, ni vibao tu vya kuwekea nyayo. Baiskeli ya umeme ni kitu kingine, nyingi bado lazima ukanyage ndo mota ikusaidie, kwa hiyo moyo na mapaja vinapata kazi ya kweli. Na ile baiskeli ya gurudumu moja isiyo na umeme ndo usiseme kabisa, pale pedali zimeshikana na gurudumu, likizunguka na miguu inazunguka, hakuna kupumzika hata kwenye mteremko. Sasa watu wanaona hiyo na langu la umeme vyote vina gurudumu moja wanadhani jasho ni lilelile.

Ngoja nikupigie hesabu maana nimekaa nayo usiku kucha. Wataalamu wanapima kazi ya mwili kwa kuilinganisha na kukaa kimya. Kukaa kimya ni 1, kutembea kwa mwendo wa kama kilomita 5 kwa saa ni kama 3.5, kukimbia polepole kilomita 8 kwa saa ni zaidi kidogo ya 8. Unazidisha kwa kilo zako na kwa saa, unapata makisio ya kalori. Tuseme mtu ana kilo 80, akitembea saa nzima na Mama Pili anatumia kama 280. Kusimama kimya tu ni zaidi kidogo ya kukaa. Kwenye gurudumu unafanya zaidi ya kusimama kimya, sawa, tuseme tukupendelee tukupe mara 3 ya kukaa. Lakini zile kilomita 5 mlizokuwa mnatembea saa nzima, gurudumu kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa linazimaliza ndani ya dakika 15! Robo saa mara 3 mara 80 ni kalori 60. Unaona sasa? Njia ileile, asubuhi ileile, 280 imekuwa 60, na hapo nimekupendelea. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo hata kutembea kwenyewe kunataka uvumilivu, sembuse robo saa ya kusimama.

Najua unachotaka kuniambia. Utaniambia mbona Mrefu kapungua tangu aanze kupanda gurudumu. Kapungua ndiyo, nimemwona, na nimefurahi naye kwa kweli. Ila Mrefu alikuwa anashinda kwenye gari, kutoka mlangoni mpaka mlangoni, gurudumu likamtoa kwenye kiti. Na wakati huohuo kaacha kula usiku wa manane, na wikiendi analipeleka lile dude lake zito porini kwenye njia za mawe na mizizi, likikwama analishusha analibeba mpaka juu. Ukichukua vyote hivyo ukavipa jina la gurudumu unakuwa umevionea vingine. Aliyetoka kwenye gari kaja kwenye gurudumu kapanda daraja, anayetoka kwenye kutembea kaja kwenye gurudumu kashuka. Wewe uko upande upi shoga yangu? Wewe unatembea! Tena umeanza kuzoea, hata pumzi ulisema imekuwa ndefu.

Halafu kuna kile kipindi cha kujifunza, hapo ndo wengi wanadanganyika, na nawaelewa maana jasho ni la kweli. Unashika ukuta, unaweka mguu mmoja kwenye pedali, unabana boksi la gurudumu kwa ndani ya muundi mpaka pale panapiga rangi, unanyanyua mguu wa pili, gurudumu linakimbia kushoto wewe kulia, unaruka chini, unaliinamia unaliinua, unaanza tena. Misuli ambayo hujawahi kujua unayo inauma, vifundo vya miguu, mashavu ya miguu, mapaja, kiuno chote. Nusu saa tu fulana imelowa. Ukiwa hapo unasema aa, hii ni jimu tosha. Lakini mwili una akili, ukishazoea unaacha kujikaza ovyo, mabega yanashuka, magoti yanalegea, unateleza tu huku unaangalia mbele. Kadiri unavyokuwa mzuri ndivyo unavyotumia nguvu kidogo. Kwenye kukimbia ukizoea unaongeza mwendo na kazi inaongezeka, huku ukiongeza mwendo anayelipa ni betri.

Na saa yako ya mkononi isikuchanganye. Itakuonyesha mapigo yamepanda ukapiga makofi, kumbe kuna mapigo ya kazi na kuna mapigo ya woga. Gari likikupita karibu moyo unaruka bila misuli kufanya chochote cha maana, saa haijui tofauti, inakuandikia kalori. Mi kipimo changu ni maneno tu, ukiwa kwenye mazoezi ya wastani unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Kwenye gurudumu, njia ikiwa tambarare na ukishazoea, naimba mpaka nafika.

Sasa usinielewe vibaya nikaonekana nalichukia, maana nalipenda hilo gurudumu mwenzio, nalipenda sana. Kuna vitu limenipa ambavyo mizani haionyeshi. Miguu imekuwa imara, ile kusimama magoti yamekunja kidogo muda mrefu ni kazi ya kimyakimya, mapaja yanawaka moto barabara ikiwa mbovu maana magoti ndo yanameza mashimo. Nyayo mwanzoni zilikuwa zinakufa ganzi mpaka nashuka nizitikise, sasa hivi hata. Balansi ndo usiseme, na balansi ukiitunza inakusaidia usianguke uzeeni. Na kulibeba! Magurudumu madogo yana kilo kumi na kitu, makubwa yanapita kilo 40, ukilipandisha ngazi hakuna lifti utajua umefanya kitu, labda hapo ndo penye mazoezi kuliko barabarani. Afu kuna kichwa. Narudi kazini nimefura kwa hasira za watu, nikiteleza kidogo tu na upepo usoni nafika nyumbani nimekuwa mtu. Nikiwa na furaha siendi kutafuta vitu vya kutafunatafuna, hilo nalo si dogo kwa anayetaka kupungua, ila halihesabiki, siwezi kukuuzia kama dawa.

Basi na presha yako. Hapa naomba unisikilize zaidi. Kuna dawa za presha zinazoweza kumpa mtu kizunguzungu hasa akisimama ghafla, na gurudumu haliko tayari kukusubiri kizunguzungu kiishe. Muulize daktari kabisa, mwambie ni chombo cha kusimama, kinakimbia, hakina cha kushikilia. Na angalia uzito ambao mtengenezaji kasema linabeba, usikisie. Mota lazima ibakiwe na nguvu ya akiba ya kukushikilia usidondokee mbele, na mtu akiwa mzito, au mlima mkali, au betri imeshuka, au umekimbiza sana, ile akiba inapungua. Linaanza kupiga mlio au pedali zinainuka kwa mbele kukurudisha nyuma, hapo punguza, usibishane nalo. Ukibishana nalo linakuachia na unapiga uso. Helmeti ya kufunika kidevu, kinga za vifundo vya mikono, za magoti, hata kama unaenda hapo tu. Mama yangu mpaka leo akiniona natoka bila kinga za magoti anasimama mlangoni.

Mi ninavyoona, ukitaka kulinunua linunue kwa furaha yako na kwa usafiri wako, kwa sababu umechoka na foleni, siyo kwa sababu ya presha. Na kutembea kubaki palepale. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za yale makali, na juu yake kukaza misuli angalau siku 2 kwa wiki. Mwendo wenu wa asubuhi na Mama Pili unaingia kwenye hizo 150 moja kwa moja. Gurudumu mi nisingelihesabu hapo, labda kama unalipeleka kwenye njia mbovu na unarudi unahema. Litumie kubadilisha zile safari za gari, ndo kazi yake. Au fanya ninavyofanya, napanda gurudumu mpaka kule kwenye uwanja mpana, nalifunga, natembea au nakimbia mizunguko yangu, narudi nalo. Hapo linakupeleka kwenye mazoezi. Na ukilipata usije ukanunua lenye kiti ukawa unakaa, maana hata kile kidogo kilichomo kitakuwa kimeenda.

Na chakula, ee jamani, hilo najua hutaki lisemwe na mi sitaki kukusema, daktari keshasema. Kalori 60 zinarudi kwa vijiko vichache tu vya mafuta au sukari, basi.

Halafu nimekumbuka, Mama Pili mwenyewe umemwambia? Maana yule alianza kutembea kwa ajili yako, wewe ukiacha na yeye anarudi ndani, na magoti yake yale... sijui. Usimwache njiani.

Huku mengine ni yaleyale, kazi zimebana, mdogo wangu kamaliza ule mtihani anasubiri majibu hakai hata kidogo, na yule jirani wa juu bado anahamisha meza saa sita usiku. Nitakusimulia.

Sasa nijibu na mimi. Presha yenyewe imepanda mpaka ngapi, na wamekupa dawa au wamekuambia urudi tena? Daktari alisema upungue kilo ngapi na kwa muda gani, au alisema tu pungua? Hilo gurudumu unaloliangalia lina uzito gani na linabeba mtu wa kilo ngapi, ni la inchi 14, 16 au ndo yale makubwa? Maana kama ni kubwa kwa kujifunzia mi siafiki. Kazini kwako kuna pa kuliweka na kulichaji au utalibeba kila siku ngazini? Na kwa nini hasa unataka kuacha kutembea, umechoka, magoti, aibu ya watu, au Mama Pili kakuudhi? Niambie ukweli maana kama ni asubuhi ndo tatizo tunaweza kuhamishia jioni, mi nitakupigia simu tutembee pamoja kila mtu kwake.

Kama unaweza usilipe pesa ya mtu mpaka uje kwangu, nitakushika mkono ujaribu la kwangu pale uwanjani, kinga ninazo za ziada zitakuenea. Jumamosi au Jumapili, chagua, nijibu leo.

Akupendaye,
mwenzio wa siku zote