Diski kwanza, kisha ghala

Malindi

Sahibu yangu Swaleh,

Assalaam alaykum. Natumai hapo Langoni mu wazima nyote. Umeuliza uwafundisheje vijana wako kutengeneza Windows iliyoharibika mafaili, maana kila mmoja hukimbilia kufuta yote na kuweka upya. Kuweka upya ni rahisi kwa fundi. Mwenye mashine ndiye apotezaye programu zake, na pengine picha za harusi pia.

Waanze na diski. Stima ikikatika ghafla, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu. Na diski ikiwa yenyewe inakufa, ukitengenezacho leo kitaharibika kesho. Kwa hivyo wanakili kazi za mteja kwanza. Kisha wafungue lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) kama msimamizi, la sivyo watakataliwa, waandike:

chkdsk C: /f

Itasema diski inatumika. Wajibu Y, wawashe upya. Wakiongeza /r itatafuta sehemu mbovu pia, ila kwa diski kuukuu yaweza kula usiku mzima.

Baada ya hapo wengi hurukia amri ya sfc, na ndipo wanapokosea. Amri hiyo hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala zilizo ghalani, kwenye folda ya WinSxS, ikarudisha yaliyo safi. Sasa ghala likiingia fukusi, utachota mchele gani? Ghala lisafishwe kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Mkwaju, yaani ile alama /, hutanguliwa na nafasi, haufuatwi na nafasi. Kijana akiandika "/ Online" amri haifanyi kazi, naye atalaumu mashine. Asilimia zaweza kuganda kwenye 20 au 62.3 muda mrefu. Mwambie akanywe kahawa, asizime.

Amri hii huchota mafaili kwenye intaneti. Ikitoa kosa nambari 0x800f081f, imekosa pa kuchota. Hapo tumia flashi ya kuwekea Windows, ya GB 8 au zaidi, yenye toleo lile lile la mashine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:esd:D:\sources\install.esd:1 /LimitAccess

D ni herufi ya flashi, na ile 1 ni nambari ya aina ya Windows, Home au Pro, wasikisie, waitazame:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.esd

Sasa ndiyo sfc /scannow. Ikisema imeshindwa kutengeneza baadhi, wawashe upya na kurudia, hata mara tatu. Bado? Majina ya mafaili yaliyogoma yamo ndani ya C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, kwenye mistari yenye [SR].

Mashine isiyowaka kabisa huwashwa kwa flashi, ukaingia sehemu ya kurekebisha, ukafungua dirisha la amri. Humo herufi hubadilika, C ya kawaida yaweza kuwa D. Wapige dir D: kwanza, wakiiona folda ya Windows, ndipo:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Flashi ya Windows 11 nitampa dereva wa basi la kesho. Mtume mtu aipokee Mokowe kabla boti hazijaondoka.

Wasalaam,
Sahibu yako, Omari