Tuhamie REAPER au tubaki tulipo?

Habari za jioni, maprodyuza. Mimi naunga mkono tuhamie REAPER, programu ya kurekodi na kutengeneza muziki. Inakubali Windows, Mac na Linux, unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Sasa hivi wenzetu wanaotumia Logic, programu ya muziki isiyopatikana kwa Windows, lazima watoe kila traki kwa WAV (faili la sauti) ndipo sisi wa Windows tuendelee na kazi. Inachosha mno!

Wasiwasi wangu ni plagini, yaani programu ndogo za ala na efekti zinazoongezwa ndani yake: usipokuwa na sinta (ala ya kidijitali) aliyotumia mwenzako, sauti hiyo haitoki kwako. Tukubaliane kwanza plagini za pamoja. Kazi za zamani za FL Studio, programu nyingine ya muziki, hazitafunguka ndani ya REAPER, kwa hiyo msiifute FL Studio.

Jaribuni biti moja mpya, Jumapili usiku tupige kura hapahapa. Asiyeitaka aeleze sababu, tutamsikiliza.