Tusiyazibe pumzi mapaa ya nyumba za zamani

Kwako Mhariri,

Salaam aleikum. Naandika kuhusu jambo naliona sana hapa Mji wa Kale wa Mombasa tangu joto la kaskazi lianze, watu wanatia vizuia joto chini ya mabati kwenye nyumba za wazee wetu, na kutia ni kuzuri kabisa sikatai, lakini vile kazi yenyewe inafanywa itatumalizia mapaa.

Hizi nyumba za matumbawe na chokaa kuta zake ni nene, joto linalotuua si la ukutani, ni la juu. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na makuti upepo unapita, sasa ni mabati, na bati likishashika kutu, saa nane mchana mwezi wa pili linaweza kupita nyuzi 60, alafu hapo hapo chini ya mteremko wa paa ndio kuna chumba cha mpangaji na watoto wake, hakuna dari, ukinyoosha mkono wagusa bati. Feni inazungusha joto lile lile na tokeni za stima zinakwisha.

Basi fundi akija anakwambia nunua glaswuli, ile sufi ya nyuzi za kioo, au yale mabodi meupe kama yanayokuja na tivii mpya, anashindilia kati ya mbao za paa mpaka yagusane na bati, anapiga plaiwudi, alafu anaziba kwa simiti zile nafasi za juu ya ukuta chini ya paa ati popo wasiingie. Mwezi wa kwanza kila mtu anasifu. Lakini hiyo ni kazi ya nchi za baridi, kule wanataka joto lisitoke ndani, sisi twataka lisishuke, na lililoingia lipate pa kutokea.

Na ubaya wenyewe ni maji. Usiku bati linapoa kuliko hewa, hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hivyo linatoa jasho kwa chini. Jasho hilo lilikuwa likikaushwa na upepo, sasa linanyonywa na glaswuli, na glaswuli ikilowa haizuii joto tena, boriti nazo zinakaa na unyevu hasa vichwa vyake pale vinapoingia ukutani ambapo hakuna mtu anapaona. Kuna nyumba Kibokoni walipotoa plaiwudi, bisibisi ilikuwa inazama kwenye boriti kama kwenye mkate. Boriti ya mkoko ni ngumu sana lakini unyevu uliofungiwa na mchwa haivishindi, na kupata ya kubadilisha siku hizi si mchezo.

Kile kinachofaa kwetu hata si ghali. Foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa, itandikwe chini ya mbao na sio kubanwa na bati, ibaki nafasi ya hewa inchi moja au zaidi, manake bati linatupa joto kama jua linavyotupa na foili inalizuia pale tu penye nafasi, ikigusana na bati kazi yake imekufa. Upande wa kung'aa utazame chini kama foili ina upande mmoja, vumbi halitakaa. Nafasi za chini ya paa ziachwe wazi na kileleni pia pawe na pa kutokea hewa, popo na panya watiliwe wavu. Ukiwa na pesa ya ziada tia glaswuli chini ya foili, lakini isigusane na upande wa kung'aa, na ile njia ya hewa ya juu iwachwe. Na kabla ya yote paka bati rangi nyeupe, hiyo peke yake inapunguza joto jingi.

Stima nayo jamani. Foili inapitisha umeme na waya za nyumba hizi ni za zamani. Kule Australia, serikali ilipolipia watu vizuia joto vya mapaa 2009 na 2010, vijana wanne wa kazi walikufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la darini. Zima meni, yaani swichi kubwa ya stima, kabla mtu hajapanda, fundi wa stima akague waya kwanza, na hiyo kazi ifanywe asubuhi. Na kama paa ni la asbesto usitoboe wala usikate, waite wenye leseni.

Ombi langu ni kwa ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, tupeni karatasi moja ya Kiswahili yenye mchoro wa paa, ibandikwe kwenye maduka ya hadiweya, kwa sababu mafundi wetu si wabaya, hawajaonyeshwa tu. Na wenye nyumba wanaotaka kuanza, anzeni Januari au Februari mbao zikiwa kavu, masika ikishaingia mtafungia maji ndani.

Mkazi wa Kibokoni,
Mombasa